Kabla ya kuwa pesa na waya, shaba ya Katanga ilikuwa mapambo

Kambove ni mji wa machimbo, karibu kilomita 150 kaskazini-magharibi ya Lubumbashi. Wakaaji wake wanaijua shaba, au mukuba kama wengi wanavyoiita, kwa sura mbili: mawe ya kijani yanayotoka ardhini, na malori yanayopita kila siku kati ya Likasi na Kolwezi kuelekea mipakani. Shaba hiyo inakwenda mbali kutengeneza waya za umeme, injini na mashine. Ni wachache hapa wanaoivaa.

Zamani haikuwa hivyo. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, shaba ya milima hii ilibebwa mabegani kuelekea kaskazini, mpaka kwenye maziwa ya bonde la Upemba, zaidi ya kilomita 250 kutoka Kambove. Huko haikuwa waya wa umeme, na ilikuwa haijawa pesa. Ilikuwa bangili, mkufu, mshipi na mnyororo. Waliivaa wanaume, wanawake na watoto, na wengi walizikwa nayo.

Makaburi hayo ndiyo yanayotuambia leo kwamba katika Katanga shaba ilianza kwa kueleza mtu ni nani. Bei yake ilikuja baadaye.

Makaburi ya ziwa Kisale

Mahali panapojulikana zaidi ni Sanga, kando ya ziwa Kisale, kwenye mto Lualaba. Jina hilo lisichanganywe na kabila la Wasanga wa upande wa Kambove na Lufira: Sanga hii ni kijiji cha wavuvi. Mwaka 1957 mtaalamu wa mambo ya kale Jacques Nenquin alichimba hapo, na mwaka uliofuata Jean Hiernaux akaendelea. Mwaka 1974 Pierre de Maret alirudi Sanga, kisha akachimba Katongo, Kamilamba, Kikulu na Malemba-Nkulu. Kwa jumla, makaburi zaidi ya 300 yamefunuliwa katika bonde hilo.

Kwa kupanga vyungu na vitu vingine vilivyokutwa, na kwa kupima umri wa mabaki, wataalamu waliweza kufuata maisha ya watu wa bonde hilo kwa zaidi ya miaka elfu moja mfululizo. Ni sehemu chache za Afrika ya kati zenye historia ndefu namna hiyo iliyohifadhiwa mahali pamoja.

Katika mabaki ya mwanzo, kati ya karne ya 5 na ya 7, chuma kinaonekana zaidi. Shaba inaanza kuonekana karibu na karne ya 8. Halafu kati ya karne ya 11 na ya 13, wakati ambao wataalamu wanauita kwa Kifaransa Kisalien classique, inakuwa nyingi. Marehemu wanazikwa na vyungu vizuri sana, na miilini mwao kuna vidani, bangili, mikufu ya waya iliyosokotwa na mishipi ya shaba. Kuna pia bangili za pembe ya ndovu, shanga za makombe, na hata kauri kutoka Bahari ya Hindi, umbali wa zaidi ya kilomita 1,300.

Makaburi ya watoto ndiyo yanayogusa zaidi. Vyungu vilivyowekwa humo vilikuwa na ukubwa uliolingana na umri wa marehemu: kwa mtoto mdogo, vyungu vidogo. Watoto nao walikuwa na shaba. Mtoto wa miaka michache hajafanya biashara, hajaenda vitani, hajaoa wala kuolewa. Kama alizikwa na chuma chekundu kilichotoka mbali hivyo, ni kwa sababu ya watu aliozaliwa kwao. Pambo lake lilisema: huyu ni wa nyumba fulani, na nyumba hiyo haikumwacha aende mikono mitupu.

Kutoka kilimani hadi shingoni

Shaba hiyo haikuokotwa njiani. Kando ya Lubumbashi, karibu na chemchemi za Naviundu, wataalamu walikuta mabaki ya kuyeyusha shaba yaliyopimwa kuwa ya karne ya 4 hivi. Maana yake, watu wa eneo hili walikuwa wanajua kugeuza jiwe kuwa chuma zaidi ya miaka elfu moja kabla ya mzungu wa kwanza kuandika jina la Katanga kwenye karatasi.

Baadhi ya mahali pa kale paligunduliwa kwa msaada wa ua. Kuna mmea mdogo, Haumaniastrum katangense, ambao hata wasomi wanauita ua la shaba, kwa sababu unastahimili udongo wenye shaba nyingi ambao mimea mingine haiuwezi. Pale palipokuwa na tanuru zamani, shaba ilibaki ardhini na ua likaota. Wataalamu walipofuata maua hayo katika sehemu za Lubumbashi, walikuta chini yake mabaki ya matanuru.

Namna kazi yenyewe ilivyofanyika inajulikana vizuri kwa kipindi cha mwisho. Mwaka 1926 mmisionari Mbenediktini Jean-Félix de Hemptinne, aliyeongoza kanisa katoliki la Katanga, aliandika kuhusu watu aliowaita "wala shaba". Alieleza kazi ya majira: watu walikwenda machimboni wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, na kurudi kabla ya mvua. Jiwe la kijani, malakiti, lilichimbwa kwa sururu za chuma, likachaguliwa na kusafishwa, kisha likawekwa pamoja na makaa katika tanuru lililojengwa kwa udongo wa kichuguu. Mivukuto ilipuliza moto mpaka shaba ikashuka chini. Aliyeongoza kazi alikuwa fundi aliyefunzwa siri zake, mwenye dawa na miiko, kwa maana kuyeyusha hakukuwa kazi ya mikono peke yake.

Kwa hiyo mtu aliyevaa bangili ya shaba kando ya Kisale alikuwa amevaa kiangazi kizima cha kazi ya watu wengine, pamoja na safari ya kuvuka nyika na mito. Kila aliyemwona alilijua hilo.

Kwa nini binadamu alianza kujipamba

Hapa Katanga tunaingia katika hadithi iliyoanza zamani sana, nayo ilianza Afrika. Mwaka 2021 watafiti walitangaza shanga 33 za makombe ya baharini kutoka pango la Bizmoune, karibu na Essaouira, Morocco. Umri wake ni kati ya miaka 142,000 na 150,000. Katika pango la Blombos, Afrika Kusini, zimekutwa nyingine za miaka 75,000 hivi. Karibu zaidi na sisi, katika pango la Panga ya Saidi kwenye pwani ya Kenya, kuna ushanga wa kombe wa miaka yapata 65,000.

Wataalamu wanajuaje kwamba hayo ni mapambo na si mabaki ya chakula? Konokono wengi wa aina hiyo ni wadogo mno kushibisha mtu, na makombe yao yalichaguliwa kwa ukubwa unaofanana. Matundu yake yamelainika pale ambapo kamba ilisugua muda mrefu. Mengine yana alama za udongo mwekundu. Yalivaliwa, tena kwa miaka.

Baadaye, kuanzia miaka kama 50,000 iliyopita, watu wa Afrika mashariki na kusini walitengeneza shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Utafiti mwingine wa mwaka 2021 ulilinganisha shanga zaidi ya 1,500 za aina hiyo kutoka sehemu mbalimbali. Ulionyesha kwamba watu wa mashariki na wa kusini, waliotenganishwa na maelfu ya kilomita, kwa muda mrefu walitengeneza shanga zinazofanana. Mtindo ulisafiri kutoka mkono hadi mkono.

Sababu kubwa inayotolewa na wataalamu ni rahisi kuielewa. Mtu wa nyumbani hahitaji kuona shanga ili akujue: anakujua kwa sura na sauti. Anayezihitaji ni mtu wa mbali, asiyekujua lakini anayeweza kusoma alama uliyovaa. Pambo lilimwambia kama wewe ni wa kwao au mgeni, umeoa au bado, una baraka ya wazee au huna. Watu walipoanza kuishi na kubadilishana vitu na wengine wasiowajua, walihitaji kitu cha kuwaeleza kabla hawajafungua kinywa.

Bangili inayotawala

Katika nchi yetu mapambo yalikwenda mbali zaidi ya hapo. Yalibeba utawala wenyewe.

Katika kaburi moja la Kamilamba, la karne ya 8 au ya 9 hivi, mtu alizikwa na shoka la heshima ambalo mpini wake ulipambwa kwa misumari ya chuma, na karibu na kichwa chake kuliwekwa fuawe, chuma ambacho mhunzi anafulia juu yake. Karne nyingi baadaye, kwa Waluba, shoka la namna hiyo na fuawe viliendelea kuwa alama za mfalme. Wanawake wa Kiluba nao walichoma kwenye nywele zao pini za chuma zenye umbo la fuawe ndogo. Alama ya mhunzi na ya mfalme ilikaa kichwani, mahali pa heshima.

Kwa Walunda, ufalme wote ni bangili. Masimulizi yao yanasema kwamba mfalme wa zamani, aliyeudhiwa na wanawe wa kiume, hakuwaachia lukano, bangili ya utawala. Alimpa binti yake, Ruwej. Ruwej alipoolewa na mwindaji wa Kiluba, Chibinda Ilunga, naye akampa mumewe bangili hiyo, kaka zake wakakasirika na kuondoka na watu wao. Masimulizi hayo yanaeleza hivyo jinsi Walunda walivyotawanyika mpaka Angola na Zambia. Hata leo Mwant Yav wa Musumba anajulikana kwa lukano. Asiye na bangili hiyo hana kiti.

Kwa wakuu wengi wa Katanga na Zambia, alama ilikuwa mpande: kipande cheupe cha mviringo kilichokatwa kwenye kombe la konokono wa baharini, kikavaliwa shingoni au kichwani. Bahari iko mbali, kwa hiyo kombe lilikuwa adimu. Mwaka 1854, David Livingstone akipita kwa Walunda wa magharibi, aliandika kwamba makombe mawili ya aina hiyo yalitosha kununua mtumwa. Hesabu hiyo inatukumbusha kwamba uzuri wa pambo haukuwa daima bila uchungu.

Upande wa mashariki, kwa Walega wa Kivu ya Kusini na Maniema, anayepanda daraja katika Bwami anatambulika kwa kofia yake: kauri, shanga na mkia wa tembo vina mahali pake, na mkufu wa meno ya chui si wa kila mtu. Mtu hawezi kuamka asubuhi akajivalisha. Analipia, anafundishwa, anavalishwa mbele ya wengine.

Pambo linapogeuka pesa

Kuanzia karne ya 13 au ya 14 hivi, makaburi ya Upemba yanaonyesha mabadiliko. Inaingia misalaba ya shaba, ile inayoitwa kwa Kifaransa croisettes. Mwanzoni ni mikubwa na ya vipimo tofauti. Karne zinavyopita inakuwa midogo zaidi na kufanana zaidi, na mara nyingi inakutwa karibu na mikono au kiuno cha marehemu, mahali ambapo mtu angebeba kitu cha kutumia.

Pierre de Maret aliona katika mabadiliko hayo kuzaliwa kwa pesa. Kitu kikubwa cha thamani kinafaa kwa mahari au kwa zawadi ya mkuu. Kitu kidogo, kinachofanana na vingine na kinachohesabika, kinafaa sokoni. Shaba ile ile iliyokuwa shingoni ikashuka mpaka mkononi, na kutoka kumwonyesha mtu ikaanza kupima bidhaa.

Misalaba hiyo ilisafiri sana. Uchunguzi wa kemia uliochapishwa katika miaka ya karibuni umelinganisha shaba yake na madini ya sehemu mbalimbali, na unaonyesha kwamba mingi ilitoka katika ukanda wa shaba wa Katanga na Zambia, hata ile iliyookotwa kusini kabisa, Zimbabwe.

Katanga haikuwa peke yake katika njia hii. Wasomaji wa Kivu wanaweza kukumbuka butega, bangili za nyuzi zilizotengenezwa na Watembo magharibi ya ziwa Kivu. Katika karne ya 19 zilivaliwa miguuni mpaka Rwanda, na wakati huo huo zilihesabiwa kama pesa katika masoko ya ziwa hilo. Kitu ambacho kila mtu anataka kukivaa ni rahisi kukipokea kama malipo. Kabla ya benki, pambo lilikuwa akiba inayotembea na mwenyewe.

Hata hivyo pesa haikuua pambo. Katikati ya karne ya 19, Msiri, mwana wa mfanyabiashara wa shaba kutoka Unyamwezi, alijenga ufalme wa Garenganze na mji wake Bunkeya. Wayeke wake walikuwa mafundi wa kuvuta waya mwembamba wa shaba na kuuzungusha juu ya nyuzi au nywele za mkia wa mnyama. Bangili hizo, ambazo Wanyamwezi waliziita sambo, zilivaliwa kwa makumi miguuni na mikononi, na zilifika mbali katika njia za misafara. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara wa Stairs, uliotumwa kwa niaba ya mfalme Leopold II. Hapo ndipo shaba ilipoanza kubadili mwenyewe.

Mashimo ya wazee

Watafutaji madini waliokuja Katanga baada ya hapo hawakuanza kutoka sifuri. Katika sehemu nyingi, Kambove ikiwemo, waliongozwa kwenye mashimo ambayo wenyeji walikuwa wameyachimba tangu zamani. Palipochimbwa na wazee ndipo kampuni zilipoweka alama zao. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na shaba ya kwanza ya kiwanda cha Lubumbashi ilitoka mwaka 1911. Kambove nayo ikawa chimbo kubwa.

Matokeo yake ni kwamba machimbo mapya yalikula yale ya kale. Chimbo la wazi halibakizi mabaki: tanuru la udongo, kipande cha mvukuto, sururu iliyovunjika, vyote vinaondoka na udongo wa juu. Ndiyo maana tunajua zaidi kuhusu waliovaa shaba kando ya Kisale kuliko kuhusu waliochimba Kambove. Wavaaji walizikwa na mapambo yao mahali ambapo hapakuwa na madini ya kutafutwa. Wachimbaji waliacha kazi yao juu ya madini yenyewe.

Alama ilibaki, lakini kama picha. Katanga ilipojitenga kati ya 1960 na 1963, iliweka misalaba mitatu ya shaba kwenye bendera yake na msalaba mmoja kwenye sarafu zake za mwaka 1961. Kuanzia 1971 hadi 1997 jimbo lenyewe liliitwa Shaba. Leo msalaba huo unaonekana kwenye nembo na kwenye vitu vinavyouzwa kwa wageni, pamoja na mikufu ya malakiti ya mafundi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Mafundi hao ndio warithi wa karibu zaidi wa kazi ya zamani, ingawa wanunuzi wao wengi wanafikiri wananunua kumbukumbu ya safari tu.

Na vitu vyenyewe? Vingi vya vilivyochimbwa wakati wa ukoloni viko Ubelgiji, katika jumba la makumbusho la Tervuren. Februari 2022 serikali ya Ubelgiji ilimkabidhi Waziri Mkuu wa wakati huo, Sama Lukonde, orodha ya vitu karibu 84,000 vya Congo vilivyoko huko. Mazungumzo kuhusu kurudishwa kwake yanahusu sana vinyago na sanamu, ambavyo ndivyo vinavyopendeza kwenye picha. Bangili nyembamba ya shaba haivutii macho namna hiyo, lakini ndiyo inayoweza kumwonyesha mtoto wa shule wa Kambove mkono wa mtoto mwenzake wa miaka 900 iliyopita.

Kwa yale ambayo bado yako ardhini, sheria ya madini ya Congo inamtaka mwenye kibali anayekuta mabaki ya kale awaarifu wenye mamlaka, wakiwemo wale wa utamaduni, na asiyaguse kabla ya wakati. Sheria hiyo inahitaji mtu wa kuyatambua mabaki hayo mbele ya mashine: dereva, mchimbaji mdogo, mkaaji wa kijiji. Dalili zake si ngumu. Ni mavi ya chuma yaliyogandamana, vipande vya bomba la udongo vilivyoungua upande mmoja, msalaba mdogo wa kijani, au uwanja wa ua la shaba mahali pasipo na kilima cha madini.

Anayeviona vitu hivyo Kambove, au popote kwenye ukanda huu, amesimama mahali ambapo mtu aliwahi kutoa jasho kiangazi kizima ili mtu mwingine, siku nyingi za safari kutoka hapo, avae bangili na ajulikane ni mtoto wa nani.